Kidonge cha Magharibi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana waliomzika bado wako hai, aliondokea Malindi mchomeleaji wa mageti akiitwa Bwanaheri. Alikuwa na virusi vya UKIMWI, na aliyejua ni mkewe Mejumaa peke yake. Kila magharibi Mejumaa alimwekea chakula na kidonge, na kinga ya mwili wa Bwanaheri ikasimama imara, hata ukimwona usingedhani.

Sasa basi. Bwanaheri alipenda miraa, na barazani kwao anayeinuka kabla miraa haijaisha huambiwa amekaliwa na mkewe. Tena miraa yenyewe inakata njaa. Bwanaheri akakaa. Magharibi ikapita, chakula kikapoa, kidonge kikabaki kisahanini. Leo hivi, kesho hivi.

Aliyekaa naye bega kwa bega ni sahibu yake, Athmani. Siku moja Mejumaa alikwenda kliniki kumchukulia mumewe dawa, akamkuta Athmani kwenye foleni ile ile, kofia kaishusha hadi machoni. Wakatazamana, kila mmoja akaelewa. Mejumaa hakumwambia mumewe. Siri ya mtu ni amana, alijiambia, lakini moyo ulimuuma: wanaume wawili, ugonjwa mmoja, baraza moja, na kila mmoja anamficha mwenzake.

Bwanaheri akakonda, akaanza kukohoa. Alipojikokota hadi kliniki, muuguzi Kadzo alimpima akakuta kinga imeporomoka. Akamgombeza mbele ya foleni nzima: mla miraa asiye na haya, anachezea dawa ambayo wengine wanaililia. Bwanaheri akarudi nyumbani, na kliniki hakukanyaga tena. Mejumaa alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Mvua za vuli hazikumkuta.

Matangani Athmani alilia kama mtoto.

"Nilijua, shemeji, tangu siku ile ya foleni. Mimi changu nilikuwa nakimeza palepale barazani, kwa kahawa, naye yuko ubavuni mwangu. Nilisubiri aanze yeye kuniambia."

Kadzo naye alikuja, akakaa mkekani na wafiwa.

"Nilimgombeza ninavyowagombeza wote," alisema. "Wengine hukasirika, kisha hurudi."

Mejumaa aliwaza kwamba neno moja tu, 'mwenzako naye anameza', lingemwinua mumewe barazani. Hakulisema. Aliitunza siri ya mume wa mtu, akamzika wa kwake.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Msinitajie marehemu, ya kwake keshayalipa. Yuko sahibu aliyejiokoa peke yake. Yuko muuguzi aliyemfukuza kwa ulimi. Yuko mke aliyetunza amana. Wote watatu walimpenda au walimtakia heri, na wote watatu wangali wanaulizana.

Je, kifo cha Bwanaheri kiko shingoni mwa nani?