Kwa Nini Kodi ya Muziki ya Sauti Tatu Huandikwa kwa Herufi Moja

Zamani, kabla nyimbo hazijaandikwa, kila sauti ilijiimbia peke yake. Wakati huo Bi Tunu alikuwa na watoto saba: Chiku, Dafina, Eshe, Fumo, Gao, Asumini na Bahati. Kila mmoja alijaliwa sauti moja tu, na kila mdogo aliimba juu kidogo kuliko aliyemtangulia. Walipenda kukaa kwenye ngazi ya ghala, Chiku chini kabisa, Bahati juu.

Bi Tunu akashikwa na homa. Siku tatu hakupata usingizi, na mganga akasema asipolala hatapona. Watoto wakapanda ngazi, wakaimba wote saba kwa pamoja.

"Wanangu," mama akalalamika kitandani, "mnanibembeleza au mnanifukuza?"

"Ni Dafina," Chiku akasema. "Ananikwaruza sikio."

"Na wewe umenibana!"

Chiku akasikiliza vizuri. Kweli, waliokaa jirani ndio waliokwaruzana. Akamwomba Dafina anyamaze, Eshe aimbe. Fumo anyamaze, Gao aimbe. Wengine wakafunga midomo, Dafina kanuna. Sauti tatu zikatulia pamoja kama mafiga chini ya chungu. Mama akalala mpaka kesho yake.

Alipoamka, homa imeshuka, alichukua mkaa akaandika ukutani herufi moja: C.

"Na sisi je?" Eshe akauliza.

"Chiku ndiye aliyewaanzia. Nikiiona herufi yake najua mpo: ruka mmoja, imba, ruka mmoja, imba. Na wewe Dafina, acha kununa. Kesho tutaanza na wewe."

Miaka mingi baadaye, Bi Tunu alifariki. Msibani, wale watatu waliimba tena. Chiku na Gao walishika sauti zao, lakini Eshe, akilia, alishuka nusu hatua ya sauti. Wimbo uleule ukageuka kuwa wa huzuni. Hakuna aliyemkaripia. Walipomaliza, Chiku alichukua mkaa, akaongeza m ndogo, ya msiba, kando ya ile C ya mama.

Ndiyo maana, watoto, hadi leo mkikuta C kwenye daftari la kwaya, jueni wanaoimba ni watatu, hata kama aliyeandikwa ni mmoja. Na mkikuta Cm, yule wa katikati ameshuka nusu hatua. Msimwambie apande.