Babu Kobelo na Ukuta Uliokandikwa kwa Utani

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nani huyo kajibu huku anapiga miayo? Kaeni sawasawa, mkunje miguu, mniitikie kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Basi zamani hizo, zamani kabla ya bati, kabla ya misumari, katika kijiji ambacho hata wenyewe wamelisahau jina lake, alikuwako mama mmoja kijana aliyeitwa Sikudhani. Na Sikudhani alikuwa na vitu viwili vya kumnyima raha: mtoto na nyumba.

Mtoto ni Shomari, meno mawili, yote ya chini. Nyumba ilikuwa ya babu wa mumewe, na babu huyo naye aliirithi. Nguzo zake zilikuwa bado nzima, ukizigonga zinaitika, ngo! ngo! Lakini kuta! Kuta zilikuwa zimechoka. Leo linadondoka pande, kesho linadondoka pande, mpaka siku moja beberu la jirani likaja kujikuna mgongo pale ukutani, kwaru, kwaru, kwaru, poromoko! Upande mzima wa mashariki ukashuka chini. Zikabaki fito nje nje kama mbavu za punda mgonjwa. Beberu likaenda zake, mgongo haumwashi tena.

Mume yuko wapi? Mume alikwenda safari ya chumvi, ya kwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na miezi ilikuwa bado mingi.

Sasa mama mkwe. Bi Kidawa alikaa ng'ambo ya bonde, kule Mlimani kwao alikozaliwa, na habari za ukuta zilimfikia kabla vumbi halijatua. Akaja. Akasimama. Akachungulia katikati ya fito, akamwona mjukuu wake amelala mle ndani kama kuku kwenye tenga.

"Mwanangu Sikudhani," akasema, "sina ugomvi na wewe. Lakini mvua ya kwanza ikiukuta ukuta huu uko wazi, Shomari namchukua. Atalala kwangu mpaka baba yake arudi."

"Mama, bado ananyonya."

"Nina mbuzi wa maziwa."

Akaenda zake.

Loo! Sikudhani akabaki mikono kichwani. Mtoto akichukuliwa leo atarudishwa lini, na akirudishwa atamjua nani, na akilia huko Mlimani nani atajua kama analilia titi au analilia tumbo, na mawingu yale, yaliyokuwa ya kijivu asubuhi, mbona sasa hivi yamekuwa meusi? Aite majirani? Hata! Akiita majirani maneno yatapanda Mlimani kabla wao hawajafika hapa: mkwe wa Bi Kidawa imemshinda nyumba. Basi akajifunga kibwebwe, akasema, "Nitakandika mwenyewe."

Lakini Sikudhani hakuwa mtu wa pale. Kwao nyumba ni za matete. Unafuma, unafunga, unaingia unalala. Udongo alijua wa kupandia mihogo, basi.

Akachimba shimo mbele ya nyumba. Akamwaga maji. Akakanyaga, fyacha! fyacha! fyacha! Akachota donge, akasimama nje, akatupa.

Pwaa!

Donge likapita katikati ya fito, likaenda kulala sakafuni. Akatupa lingine, pwaa! likapita. La tatu, la kumi, la ishirini, pwaa, pwaa, pwaa! Akaingia ndani kuangalia kazi yake. Sakafuni pana kilima, ukutani hamna kitu.

"Kumbe inakandikwa kwa ndani!" akasema.

Akachota kwenye kile kilima, akatupa kutoka ndani. Pwaa! Likapita, likatua juu ya kuku aliyekuwa akilalia mayai barazani. Kuku alikaa pale mweupe, akatoka mwekundu, anapiga kelele kijiji kizima. Shomari, pale mlangoni alipokalishwa, akacheka, kehe!

Sikudhani akasimamisha mkeka kwa ndani ili udongo usipite, akakimbilia nje, akatupa. Udongo ukashika! Ukashika vizuri kabisa, ukashika mkeka. Kisha mkeka ukainama taratibu kama mtu anayesujudu, puu! chini. Akakimbia ndani. Akakimbia nje. Ndani, nje, ndani, nje, jasho linamtoka, machozi yanamtoka, udongo puani, udongo sikioni, na kila akipita mlangoni Shomari anacheka, kehe!

Hapo ndipo alipopita Babu Kobelo.

Babu Kobelo huyu, wasikilizaji wangu, ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa mzee wa Bondeni, mkongojo mkononi, kikohozi kifuani, na mdomo, mdomo! Watu walimwendea kwa shauri wakarudi wametukanwa, na wakifika nyumbani wanakuta lile tusi ndilo shauri lenyewe. Akasimama, akamtazama Sikudhani anavyozunguka.

"Mjukuu wangu, unamkimbiza nani?"

"Simkimbizi mtu, babu. Nakandika."

"Kwa miguu?"

"Babu usinicheke, nikitupa kwa nje unaingia ndani, nikitupa kwa ndani unatoka nje, nikiweka mkeka unakandikwa mkeka, na mvua hiyo inakuja, na mama akija..."

"Pumua kwanza."

Akapumua.

"Wewe uko peke yako," Babu Kobelo akasema. "Anasimama mtu ndani, anasimama mtu nje, wanatupa pamoja. Madonge yanakutana katikati ya fito, yanakumbatiana, yanakamata. Kwenu hawakukufundisha?"

"Kwetu ni matete, babu."

"Ndiyo maana mnapeperuka. Haya, ita jirani."

"Usiite mtu!" Sikudhani akamshika mkono. Akamweleza yote kwa mkupuo mmoja, Bi Kidawa, mvua ya kwanza, mbuzi wa maziwa, yote. "Akisikia nimeita watu atasema nimeshindwa. Atamchukua mwanangu, babu."

Mzee akakohoa. Akatazama mikono yake. "Mimi mikono hii inatupa mara tatu, ya nne nazikwa," akasema. "Tunahitaji mtu mwenye mikono. Na wewe hutaki aitwe."

Mbali huko radi ikanguruma, nguruu!

Mara, juu ya njia ya Mlimani, nani yule? Bi Kidawa! Anashuka kwa hatua kubwa, shuka yake mpya, nyeupe pe, na mkononi kashika mbeleko. Amekuja na mbeleko kabisa! Sikudhani akajificha nyuma ya Babu. "Ndiye yule. Kaja kumbeba."

Babu Kobelo akakaza macho. Halafu uso wake ukafunguka wote, mpaka lile jino moja likaonekana.

"Kidawa wa Mlimani? Mtani wangu!"

Maana watu wa Bondeni na watu wa Mlimani walikuwa watani tangu enzi za vita walivyovisahau. Na mnajua utani. Mtani akikutia majivu kichwani hukasiriki, hushtaki, hulii. Unatafuta majivu yako.

"Tuingie ndani, mtoto umweke pale kona kavu," Babu akasema. "Kisha njoo usimame kando yangu, penye kile kilima cha udongo. Mimi nikisema tupa, wewe tupa."

"Nimtupie mama mkwe?" Sikudhani akauliza.

"Nani kasema umtupie mama mkwe? Utupie ukuta."

Bi Kidawa akafika uani. Akaona fito, akaona shimo la udongo, akafungua mdomo aseme neno. Kabla halijatoka, sauti ikatoka kizani ndani ya nyumba:

"Hodi hodi zinapigwa na watu walionawa! Nyie wa Mlimani mnaoga mwezi ukiandama!"

Pwaa! Donge katikati ya kifua, juu ya ile shuka nyeupe pe.

Jirani aliyekuwa akitwanga akaacha mchi hewani.

"Nani huyo?" Bi Kidawa akauliza, polepole.

"Mtani wako."

"Kobelo?"

"Kobelo mwenyewe, na nimebakiwa na mawili."

Sikudhani akafumba macho. Alijua sasa nyumba inachomwa moto. Lakini Bi Kidawa, mama yule mkali, akaikunjua mbeleko yake, akajifunga kiunoni nayo, akaikaza, akaingiza mikono yote miwili shimoni.

"Kobelo," akasema, "leo utakula udongo mpaka uote mihogo."

"Tupa!" Babu akanong'ona.

Pwaa kwa nje! Pwaa kwa ndani! Madonge mawili yakakutana katikati ya fito, yakabaki palepale. Sikudhani akafumbua jicho moja. Hayajaanguka! Yamekamata!

"Umenikosa!" Babu Kobelo akapaza sauti, huku akichechemea kwenda upande mwingine wenye uwazi. "Wa Mlimani mna makengeza! Niko huku!"

Pwaa nje! Pwaa ndani! Pakaziba.

"Niko chini, nimeinama, unaogopa mzee aliyeinama?"

"Utainuka na meno ya udongo, mla vyura wewe!"

Pwaa! Pwaa! Pakaziba.

Babu akatupa mara zake tatu, akaishiwa nguvu, akaketi juu ya kinu. Tangu hapo akawa anatupa maneno tu. Anaelekeza mdomo wake penye tundu, anatukana, Bi Kidawa anapalenga palepale, na Sikudhani kwa ndani anapiga donge lake wakati uleule. Majirani wakaja mbio. Wa Bondeni wakaingia ndani kumtetea mzee wao, wa Mlimani waliokuwa njiani wakasimama na Bi Kidawa. Pwaa, pwaa, pwaa, pwaa! "Mmechoka?" "Nani kachoka, nyie wala mapumba?" "Leteni maji, udongo unakauka!" "Lete mwenyewe, au mguu umeazimwa?" Watu wekundu, kuku wekundu, Shomari pale kona anapiga makofi. Na Sikudhani, ambaye kwa mwezi mzima hakuwa amecheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akatupa huku anacheka, akakosa ukuta, akampiga jirani sikioni, akacheka tena.

Nuru ndani ikawa inapungua, tundu kwa tundu, mpaka likabaki moja tu, sawa na ngumi.

Kwenye tundu hilo likaja jicho. Jicho la Bi Kidawa, linamtafuta Kobelo. Halikumwona Kobelo. Lilimwona Sikudhani, kanyanyua donge mikono miwili, mwekundu kuanzia nywele hadi kucha.

Kicheko kikakatika.

"Wewe?" Bi Kidawa akasema. "Ni wewe umekuwa ukinitupia saa zote hizi?"

Sikudhani akamtazama Babu. Babu akatazama paa. Basi Sikudhani akafungua kinywa, na yote yakatoka:

"Ni mimi mama, sikukutupia wewe nimeutupia ukuta, mimi kukandika sijui, kwetu ni matete, nimejaribu peke yangu udongo umepita, nikaogopa kuita watu utasema nimeshindwa, na nimeshindwa kweli mama, nimeshindwa, lakini usimchukue mwanangu, nakuogopa, naogopa mvua, naogopa kila kitu, usimchukue."



Ti. Tone juu ya nyasi za paa. Ti. Ti.

"Mwanangu," Bi Kidawa akasema kupitia tundu lile, na sauti yake haikuwa ile iliyotaja mbuzi wa maziwa, "nilipoletwa mimi katika nyumba hii nilikaa siku tatu nakandika sakafu. Udongo ulikuwa unapita, na mimi nilikuwa naona haya kuuliza." Akachota donge lingine. "Ondoa uso wako hapo. Nikisema tatu, tutupe pamoja."

"Ndiyo, mama."

"Moja. Mbili. Tatu!"

Pwaa!

Likaziba. Na mvua ikashuka yote kwa pamoja, shwaaa! Walioko nje wakagombea mlango kama mbuzi, wakajazana ndani, wa Mlimani na wa Bondeni, bega kwa bega, wananuka udongo. Upana wa paa ukauficha ule ukuta mbichi usipigwe na mvua. Bi Kidawa akaupapasa kwa kiganja kutoka nguzo hadi nguzo. Hakuna hata tone. Akamnyanyua Shomari, akambusu, akampaka matope shavuni, akamrudisha kwenye mikono ya mama yake.

"Mtoto analala kwao," akasema. "Ila ukuta wa magharibi nao una ufa. Kesho nakuja. Na safari hii mimi ndiye nakaa ndani, wewe utasimama juani."

"Tumeshinda sisi wa Bondeni!" Babu Kobelo akapiga kelele kutoka juu ya kinu.

"Mmeshinda nini? Nusu ya ukuta ni yangu!"

"Nusu mbovu!"

Wakaendelea hivyo mpaka mvua ikakatika, na kuna wanaosema waliendelea mpaka Babu alipofariki, na kwamba siku ya mazishi yake Bi Kidawa alitupa donge la kwanza kaburini, akasema, "Hili hulirudishi," akaangua kilio.

Mpaka leo katika kijiji kile, mtu akitaka kukandika nyumba, kwanza anamwita mtani wake asimame nje amtukane.

Basi ninyi mlionisikiliza, na hasa wewe unayejifungia na shida yako ukidhani hakuna anayeona mbavu za nyumba yako: nyumba ya zamani itengeneze, tena kwa mikono yako, usingoje mtu. Lakini sema kwa sauti kwamba huwezi upande wa pili. Pengine unayemwogopa ndiye aliyekwishasimama huko nje, mikono yake imejaa udongo.

Hadithi yangu nimeikandika, imekamata, naiacha hapo ikauke.