Jivu Chini ya Magurudumu

Kipunguacho kina kiendako.

Maneno hayo kayasema Tumsifu sasa hivi, mbele yenu nyote, na jicho lake lilikuwa kwa Fanueli. Mahindi ya kwenye gunia yamepungua, Fanueli ndiye mgeni humu ndani, basi kesi imekwisha. Nimemwona mtoto wa watu alivyoacha kula. Halafu mnaniuliza mimi methali hiyo imetoka wapi! Haya, sogezeni viti. Endeleeni kumenya hizo tangawizi, mikono haizuii masikio. Neno hili si la kale sana. Lilizaliwa huku huku milimani Upare, juu ya mteremko wa Kwanzinga, nyumbani kwa mzee mmoja aliyeitwa Senkondo.

Mzee Senkondo alikuwa na pikapu kuukuu, rangi imebabuka hata usijue kama iliwahi kuwa ya kijani au ya bluu. Ndiyo iliyoteremsha tangawizi za kijiji kwenda mnadani, huko bondeni. Dereva wake alikuwa mwanawe mkubwa, Sifueli, mpaka alipopata kazi ya ujenzi mbali na nyumbani. Aliyebaki anajua usukani ni mkewe, Namkunda, mama wa mtoto anyonyaye. Mumewe alikuwa amemfundisha jioni jioni katika uwanja wa kanisa.

Mzee alisita sana. Siku aliyompa ufunguo, aliwaambia majirani waliokuwa barazani, Namkunda mwenyewe akisikia: "Nampa. Lakini gari likilala, msije mkaniuliza nani kalilaza."

Wakacheka. Namkunda naye akacheka, maana baba mkwe hajibiwi. Ila maneno yale yalimkaa.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Akina mama waliozoea kushuka mlima na mizigo kichwani sasa walipanda nyuma ya pikapu wakiimba, wakimwita "dereva wetu", na Namkunda akajiona amekuwa mtu. Ndipo siku moja, akirudi kutoka mnadani, taa nyekundu ikawaka mbele yake, ile ya breki.

Kwanza alidhani ni breki ya mkono, kwa kuwa taa ni ile ile. Akaisukuma chini mpaka mwisho. Taa ikabaki. Alipofika nyumbani akafungua boneti, kama alivyoonyeshwa na mumewe, akatazama kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa yameshuka chini ya mstari.

Sikilizeni hapo. Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yakipungua, kuna jambo, na Namkunda alilijua hilo. Lakini aliyakumbuka maneno ya barazani. Akaingia stoo, akachukua chupa ya mafuta ya breki ya mzee, akajaza kikopo, akafuta ukingo kwa kanga yake. Alipowasha gari, taa haikuwaka. Akashusha pumzi kana kwamba ametibu mgonjwa.

Taa ikarudi. Akajaza tena. Ikarudi mapema zaidi. Pedeli nayo ikaanza kulainika, kila akiikanyaga ni kama anakanyaga ugali wa moto. Akawa anashuka mlima kwa gia ndogo, na nyuma wale mama wanaimba tu. Kila safari alijiambia, leo nikirudi nitasema. Akirudi, anamkuta mzee barazani na wenzake, anapita zake jikoni.

Sasa, humo nyumbani alikuwamo pia mdogo wa mumewe, Mbonea. Huyu dengelua, ile pombe ya miwa, ilikuwa imempoteza miaka. Aliwahi kuuza hata jembe la mama yake. Lakini alikuwa ameacha pombe, akaomba msamaha, akarudi, akapewa chumba kilichopakana na stoo. Alilima toka asubuhi na kusema kidogo, kama mtu anayetembea katika nyumba ya wengine.

Siku mzee alipoinyanyua ile chupa akaiona nyepesi, hakuuliza mara mbili. Aliileta hadi jikoni, akaitikisa mbele ya wote.

"Nani kagusa hii?"

Namkunda alikuwa akimnyonyesha mtoto. Akainamisha uso juu ya mtoto.

"Mbonea, nakuuliza wewe. Vijana wa bodaboda wanakupa nini kwa mafuta yangu?"

"Baba, sijayagusa."

"Na jembe la mama yako ulisema hujaligusa. Kipunguacho kina kiendako, bwana! Hayana miguu haya."

Basi ndipo neno lilipotamkwa kwa mara ya kwanza, na lilitamkwa kama kofi. Mbonea alitazama mikono yake. Alikuwa na historia ndefu mno ya kusema uongo, ukweli wake haukuwa na pa kusimama. "Kama unaona ni mimi, baba," alisema, "basi ni mimi."

Mzee akaifungia chupa ndani ya sanduku lake la nguo. Kisha akatoa hukumu: siku ya mnada Mbonea atashuka na mzigo wa tangawizi, aachwe barabarani bondeni, akatafute pengine pa kuishi. Na wa kumpeleka ni Namkunda.

Jamani, aibu ina tabia ya ajabu. Namkunda alimpakulia shemeji yake nyama iliyonona. Alimfulia shati, akamshonea kifungo. Alifanya yote, isipokuwa lile moja.

Asubuhi ya mnada magunia yakapakiwa. Mama mkwe, Mama Sifueli, akambeba mjukuu mgongoni, macho yamemvimba kwa kilio. Akina mama wa kijiji wakapanda juu ya magunia. Mbonea akaketi mbele na kibegi chake mapajani. Namkunda akawasha gari, na taa ikawaka nyekundu kama kaa. Safari hii hakukuwa na chupa ya kuizimia.

"Shemeji, hiyo taa ya nini?"

"Ya breki ya mkono."

"Mbona umeshaishusha?"

"Gari la zamani, shemeji. Lina mambo yake."

Likaanza kusogea kuelekea lango. Akagusa pedeli. Ikazama karibu na sakafu ndipo gari likasitasita. Mbele ya lango barabara inaanza kuinama, na chini kabisa unaliona bonde.

Mbonea, asiyejua lolote, akasema polepole, "Nataka nikushukuru kabla hatujafika. Nyumba nzima wewe peke yako hukunitazama kama mwizi."

Namkunda akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Akazima gari. Nyuma wale mama wakapiga kelele, "Dereva wetu, vipi tena? Umesahau titi la mtoto?" wakacheka. Akashuka, akapita mbele ya majirani wote wa barazani, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akamwekea ufunguo miguuni.

"Baba, mafuta nimeyachukua mimi. Kila taa ilipowaka nilijaza nikanyamaza. Gari halishiki breki. Nilikuwa nawapeleka hivyo hivyo."

Juu ya magunia kicheko kikakatika. Mama mmoja akaanza kushuka, akishika kifua. "Na sisi tulikuwa tunaimba," alisema.

Mzee akabaki anautazama ule ufunguo miguuni. Aliyesema ni Mama Sifueli. "Aibu tutaigawana baadaye. Sasa hivi nataka kujua mafuta yanakwenda wapi. Chungu kikivuja, mimi hukiweka juu ya jivu."

Akaleta jivu la mafiga, jeupe na kavu, akalimwaga chini ya kila gurudumu, na chini ya injini pia. Mzee akafungua sanduku, akajaza kikopo kwa mkono wake. Namkunda akarudi kwenye kiti, akakanyaga pedeli, akaachia, akakanyaga tena, machozi yanamdondokea mapajani. Watu wazima wote wakachuchumaa kuzunguka gari kama watoto wanaotafuta siafu.

Hatimaye, upande wa ndani wa gurudumu la nyuma, tone likajikusanya, likaning'inia, likaanguka. Jivu likafanya shimo jeusi. Tone jingine likafuata njia ile ile. Raba ya breki ya gurudumu lile, ile inayozuia mafuta yasitoke, ilikuwa imekatika kwa uzee. Hakuna mwizi, wala si mkono wa mwanamke ulioliharibu gari.

Mzee Senkondo akachota lile jivu bichi, akalifikicha kati ya vidole. Alitazama gurudumu, akamtazama mwanawe aliyekuwa bado na begi. "Kipunguacho kina kiendako," alisema tena, lakini sasa kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu. "Nami niliona rahisi kumfuata mtu kuliko kulifuata tone." Kisha akaokota ufunguo, akampa Namkunda. "Na wewe, mama, uliogopa mdomo wangu kuliko mteremko. Hilo ni langu."

Mbonea alilishusha begi lake mwenyewe. Hakwenda tena. Lakini msidhani yalikwisha siku ile. Kwa muda mrefu alikula chakula cha Namkunda bila kuinua macho, na Namkunda hakumlaumu. Shukrani aliyopewa pale kwenye gari ilimuuma kuliko tusi lolote, hata alipozeeka.

Fundi alibadilisha raba, pedeli ikawa ngumu, taa ikazimika yenyewe. Akina mama wakarudi kupanda, ila kabla ya kupanda kila mmoja aliinama kwanza kutazama magurudumu, wakiambiana lile neno. Likaenea. Wengi wamelichukua kama alivyolitamka mzee pale jikoni, wakasahau alivyolitamka penye jivu.

Haya, Tumsifu. Usinitazame mimi. Nenda kalinyanyue lile gunia, ulitazame chini, pale kwenye kona panapopita panya. Fanueli, wewe kaa, maliza chakula chako.

Umeona? Shimo? Na punje zinaelekea ukutani?

Basi mwambie mwenzio neno, na safari hii ulitamke vizuri. Kipunguacho kina kiendako.