Mlio wa Springi Kuukuu

Mwezi wa Machi mwaka wa 1991, mvua za kwanza zilipoinyeshea Kitale na wakulima kuanza kufunga ng'ombe plau, Chepkemoi alirudi nyumbani kutoka chuo kikuu akiwa amenywea kama kuku aliyemwagiwa maji. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa malighafi, mwanamke pekee darasani mwao. Utafiti wake ulihusu kutengeneza ncha za plau kutokana na springi kuukuu za malori. Hesabu zake zilikuwa sahihi, moto wake ulikuwa sahihi, lakini vipande vilipopimwa kwenye mashine, kimoja kilistahimili na cha pili kilikatika kama muhogo mkavu. Kwa nini? Hakujua. Msimamizi wake alimwambia bila kupepesa macho, "Nakupa hadi Juni. Baada ya hapo, ufadhili wako atapewa mwingine."

Kesho yake mama yake, Jelimo, alimkabidhi ncha ya plau iliyovunjika.

"Ipeleke Bungoma kwa Wabwile, akufulie nyingine. Za dukani hazimalizi msimu. Zake zitatuzika sote."

"Wabwile? Si huyo aliacha shule darasa la tano, mama?"

"Nimekutuma chuma, sikukutuma cheti," mama akamjibu.

Karakana ya Wabwile ilikuwa kibanda cha mabati kando ya soko la Bungoma. Mhunzi mwenyewe alikuwa na kifua kipana na mdomo usiojua likizo. Alimpokea mgeni kwa hadithi ndefu ya harusi ya huko Sirisia, chuma kikiwaka motoni nyuma yake. Alipoimaliza, alichomoa springi kwenye rundo, akaining'iniza kwa waya na kuigonga kwa nyundo ndogo. Ililia ngiii, mlio mrefu kama kengele ya kanisa. Akaiweka kando. Ya pili ililia ko! Akaitupa nje.

"Mbona umeitupa?" Chepkemoi akauliza. "Haina hata kutu!"

"Hiyo imepasuka ndani, dada. Jicho halioni, lakini sikio halidanganyiki, bana. Nikiifanya plau, itakatika Jumatatu, na Jumanne mwenyewe atanijia na rungu."

Chepkemoi akaiokota ile springi. Miezi yote hiyo alikuwa akikata vipande vyake bila kuchagua, akidhani springi ni springi. Alivua koti, akaomba nyundo. Katika springi ishirini za kwanza alikosea tisa. Wateja wakamcheka, naye akajicheka. Kufikia saa kumi alikuwa anakosea moja tu.

"Sasa na wewe msomi niambie," Wabwile akasema akijikuna kichwa. "Patasi zangu makali hayakai. Ama nimerogwa?"

Chepkemoi akatazama chuma kilichokuwa bado motoni. "Hujarogwa. Unapiga domo! Chuma kikikaa sana motoni, ile kaboni inayokipa ugumu inaungua kwenye ngozi yake. Harusi ya Sirisia imeimaliza yote."

Wabwile akacheka hadi nyundo ikamponyoka. "Kumbe ni huu mdomo wangu unakula patasi!"

Chepkemoi alimpelekea mama ncha mpya, kisha akarejea chuoni akiwa na gunia la springi, nusu zikiwa za kulia ngiii na nusu za kulia ko. Alizikata za ko, akazitazama kwa hadubini. Humo ndani mlikuwa na nyufa nyembamba kama uzi wa buibui. Kisha akafua ncha kutokana na zile nzima, akazipeleka kwenye mashine. Hakuna hata moja iliyokatika.

Mwezi wa Juni msimamizi wake aliisoma ripoti mara mbili. "Nani alikufundisha kuchagua chuma hivi?"

"Wabwile, mhunzi wa Bungoma. Jina lake liko kwenye shukrani, ukurasa wa kwanza."

Siku ya mahafali, Wabwile alifika na mama Jelimo, suti ya kuazima ikimbana mabega. Chepkemoi alimfungulia tasnifu. Mhunzi akalisoma jina lake polepole, silabi kwa silabi, kisha akalirudia tena.

"Patasi je?" Chepkemoi akamuuliza.

"Zinakata hata mawe, mwalimu!"

Wakacheka wote watatu. Ama kweli, akili ni nywele. Kila mtu ana zake.