Bi Tembo Awekwa Ndani kwa Krimu ya Pimbi

Samahanini, wanangu. Hadithi ya leo nitaiboronga. Siku nyingine hapa ningelia kama tembo, ningeruka kama chura, ningecheka mpaka kikoi kinidondoke. Leo siruhusiwi kucheka, wala kukunja uso, wala kufumbua mdomo zaidi ya hivi. Sababu ninayo, ila siitoi sasa. Sogeeni. Na wewe uliye nyuma, acha kumfinya mwenzio.

Hapo zamani za kale, wakati kioo hakijabuniwa na kila mwenye uso alijitazama majini, palikuwa na Bi Tembo. Alikuwa na nyumba kubwa, mlango mpana, na mbele ya mlango dimbwi la maji. Kiangazi kile madimbwi yote ya upande ule yalikuwa yamekauka, limebaki hilo lake tu.

Bi Tembo aliingia dimbwini asubuhi, akatoka jioni. Pwaa! Pwaa! Kazi kujimwagia. Wanyama wadogo waliketi ukingoni na vibuyu vitupu, ndimi nje. Akishatoka, maji yote yamevurugika, tope tupu.

Miongoni mwa wadogo hao alikuwepo Pimbi, mnyama asiyempita paka kwa kimo, anayekaa mwambani juu ya dimbwi. Watoto wake walikuwa wanalamba umande kwenye mawe.

"Baba, leo hata umande hakuna," alilia kitinda mimba wake.

Pimbi akateremka mbio.

"Shikamoo, shangazi!"

"Shangazi yako nani, we kipande cha sabuni?" akasema Bi Tembo.

"Mimi na wewe damu moja, shangazi. Tazama kucha zetu. Naomba utupishe adhuhuri tu, tuchote maji safi. Watoto wanakufa kwa kiu."

"Adhuhuri! Jua likiwa la utosi! Binti yangu anaolewa, na mama wa bibi harusi ndiye anayetazamwa kuliko hata bibi harusi. Niende shughulini nimejaa vumbi? Toka!"

Akavuta maji kwa mkonga, fyuuu! Pimbi akarushwa mpaka mwambani kwake, puu!

Akiwa amelala pale, ameloa chapachapa, akamwona Bi Tembo ameinamia maji, anajitazama uso huku akiimba. Pimbi akasukuma kijiwe kwa mguu.

Chubwi!

Maji yakatikisika. Uso wa Bi Tembo ukajaa mikunjo juu ya mikunjo.

"Yarabi! Huu ni uso au jamvi?"

"Pole, shangazi!" Pimbi akaita kutoka juu. "Hata huku yanaonekana."

"Yanaonekana nini?"

"Hayo makunyanzi. Mimi sipendi uchonganishi, ila nasikia mama wa bwana harusi alipokuja kuposa aliuliza, 'Yule ni bibi yake binti?'"

"Bibi? Mimi?" Bi Tembo akapiga tarumbeta, mpaaa! Ndege wakahama.

"Usikasirike, hasira inaongeza mikunjo. Ipo krimu. Kopo moja kikapu cha ukwaju."

"Ya bei rahisi hivyo itasaidia nini?"

"Ya ghali unalipia kopo, shangazi. Yangu unalipia uso."

"Nani kaitumia?"

Pimbi akamwonyesha Mama Chura, aliyekuwa anaota jua juu ya jiwe, manundumanundu kila mahali. "Mwangalie vizuri leo. Kesho utamwona tena."

Kesho yake Pimbi akaja na kifuu cha nazi kimejaa maji. Ndani mnaogelea Kiluwiluwi, mtoto wa Mama Chura, mweusi, laini, anateleza kama mlenda.

"Mama Chura huyu hapa!"

Bi Tembo akachungulia. "Mtume! Amelainika! Lakini mbona hana miguu?"

"Miguu ilikuwa na makunyanzi, shangazi. Krimu haichagui."

Kiluwiluwi akachomoza kichwa. "Namtaka mama!"

"Umemsikia?" Pimbi akasema haraka, akikifunika kifuu. "Amerudi utotoni mpaka anamlilia mama."

Bi Tembo akajishika shavu. "Basi mimi unipake kidogo tu, nisije nikakosa miguu siku ya harusi."

"Sharti lipo moja. Desturi unaijua: mwari akipakwa singo ya kulainisha ngozi huwekwa ndani. Haoni jua, haogi, hachezi, hacheki, mpaka siku yake. Na wewe vivyo hivyo."

"Ebo! Mimi ni mama, si mwari."

"Ukitaka kwenda harusini kama mama, baki dimbwini. Ukitaka kwenda kama mwari..."

Hakumaliza. Bi Tembo alikuwa keshaingia ndani na kufunga mlango, ti!

Na krimu yenyewe? Wanangu, tope! Tope lilelile la dimbwini alilokuwa akijipaka bure miaka yote, sasa limepondewa asumini na mrehani, likatiwa kwenye kopo lenye kifuniko. Jana uchafu, leo urembo!

Pimbi akampaka kutoka utosini mpaka mkiani, kisha akatoka nje na kupunga mkono. Weee! Vibuyu vikaja! Digidigi, kanga, sungura, wote wakajipanga. Maji yakatulia, yakawa safi kama ya mtungini. Watoto wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

"Pimbi!" sauti ikatoka ndani. "Mbona nasikia chubuchubu huko dimbwini?"

"Ni krimu hiyo, shangazi, inaingia kwenye ngozi."

"Inawasha!"

"Ujana hauingii kimyakimya."

"Nina kiu!"

"Nakuletea kibuyu sasa hivi. Kunywa kwa ncha ya mkonga, usipanue mdomo."

Na akampelekea kweli, kibuyu baada ya kibuyu.

Siku zikapita, harusi ikafika. Bi Tembo akatoka, hakusubiri kuoga, akaenda moja kwa moja dimbwini kujitazama.

"Asitikisike mtu!" Pimbi akanong'ona. Wote kimya, tuli. Maji yakawa kama sahani.

Bi Tembo akainama. "Lahaula! Huyu ni mimi? Nyororo! Hata kunyanzi la kusingiziwa hakuna!"

Mara, chubwi!

Kitu kimerukia majini. Uso ukajikunja wote, kama kanga iliyokaliwa.

"Nani huyo?"

"Mimi hapa, bibi! Yule wa kwenye kifuu! Nimeota miguu!"

Na kutoka ukingoni, Mama Chura mwenyewe, na manundu yake yote, akafoka: "Rudi hapa, mtoto we! Usimsumbue mama wa harusi!"

Bi Tembo akamtazama mtoto. Akamtazama mama. Wawili. Pimbi akaanza kurudi kinyumenyume, polepole.

Nyaku! Mkonga ukamnyanyua juu, miguu inaning'inia.

"Kopo lina nini?"

"Sha-shangazi..."

"Lina nini?"

"Tope."

"La wapi?"

"La hapahapa."

Wanangu, Pimbi pale hakuwa na pumzi ya kumaliza sala. Mkonga ulikuwa umeshaanza kubana, na watoto wake mwambani wanalia, "Baba! Baba!"

Ndipo vigelegele vikapasua hewa. Bi Kifaru huyo, jirani wa ng'ambo ya kilima, mwenye dimbwi lake mwenyewe alilolikalia kama Bi Tembo alivyolikalia lake. Na macho yake, jamani! Bi Kifaru hatofautishi kichuguu na mchumba.

"Shoga!" akapaza sauti. "Ndiyo wewe? Mbona umekuwa kigori? Uso unateleza! Watu wote wanasema ulikuwa umewekwa ndani kwa krimu. Ni kweli?"

Bi Tembo akapiga hesabu. Akisema ni tope, atachekwa harusi nzima, mbele ya mama wa bwana harusi, na wimbo utatungwa.

Pimbi, angali juu, akanong'ona sikioni: "Adhuhuri dimbwi letu, shangazi, na mimi sijui lolote kuhusu tope."

Mkonga ukashuka. Taratibu. Pimbi akawekwa chini, akafutwa vumbi, akapigwa begani kidogo.

"Shoga," akasema Bi Tembo, "huyu hapa ndiye fundi wangu. Bei yake ya kutupa. Ila masharti uyafuate: unawekwa ndani, dimbwini huendi."

"Hata kunusa siendi!" Bi Kifaru akaapa. "Nipake leo leo!"

Kwa hiyo dimbwi la pili nalo likapata wanywaji. Funzo ni hili, wanangu: anayeona haya kusema amedanganywa, humsaidia tapeli kumpata wa pili.

Haya, nani huyo anayecheka? Ndiyo, nanukia asumini. Ndiyo, uso unang'aa, na ndiyo sababu nimesimulia kama mtu mwenye jipu mdomoni: maelekezo ya kopo yamekataza kucheka. Bi Tembo mumsamehe, yeye alidanganywa na Pimbi. Mimi hadithi nzima naijua, na bado nimenunua makopo mawili.