Nishani Juu ya Kovu

Enzi hizo za kale na kale, wanyama walipokuwa na nyumba, jeshi na serikali ya jimbo, kulitokea jambo ambalo nikilisimulia hadi leo damu inanichemka. Kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole nisikike.

Fisi wa ng'ambo ya mto walilivamia Jimbo la Mbugani kupitia kivukoni. Walitaka ndama, walitaka vifaranga, walitaka kila kilicho kidogo na kitamu. Gavana Tembo akatuma jeshi. Mbele alikwenda Jenerali Nyati, nyuma yake Kanali Kiboko, kisha askari wengine wakubwa wakubwa. Mwisho kabisa, mdogo kuliko wote, alikuwa Mzee Nyegere.

Fisi walicheka mara moja tu, hii-hii-hii, na Jenerali akageuka. Kanali naye akageuka. Jeshi zima likatimua mbio, vishindo pu-pu-pu, vumbi juu. Aliyebaki kivukoni ni Nyegere peke yake. Alipigana siku tatu, hali wala hanywi. Wakamng'oa jicho, wakampasua pua, wakamchana kifua, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Siku ya nne mto ulifurika, fisi wakashindwa kuvuka, wakaenda zao.

Hapo ndipo wakubwa wetu waliporudi. Mto umejaa, adui hayupo, nani asingekuwa shujaa? Jenerali Nyati akaandika ripoti kwamba yeye na Kanali Kiboko wamewashinda fisi. Alipofika kwenye jina la Nyegere akaandika: "Hakuonekana kikosini. Mtoro."

Mnaelewa? Hakuonekana kikosini kwa sababu kikosi kilikuwa kimekimbia! Na Gavana Tembo, ambaye miwani yake alikuwa ameikalia ikavunjika, akatia saini bila kusoma. Ikatangazwa kwamba siku ya Ijumaa serikali itawavisha nishani za ushujaa Nyati na Kiboko, na baada ya hapo Nyegere atafukuzwa jimboni, yeye na mkewe na watoto wao wanne.

Nyegere alikwenda kujieleza. Jenerali akamuuliza ana shahidi gani.

"Walioniona ni fisi, Afande," Nyegere akasema.

Ofisi nzima ikacheka. Mzee wa watu akarudi nyumbani, akaanza kufunga vyombo.

Sasa, mpwa wake, Nguchiro, ndiye aliyekuwa fundi wa mavazi ya sherehe. Mdogo, mwembamba, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Alipomkuta mjomba wake akifunga masufuria kwa kamba, alikasirika mpaka mkia ukasimama wima. Lakini hakupiga kelele. Alichukua futi yake ya kupimia, akaenda kwa Jenerali.

Akampima shingo. Akampima kifua. Akazunguka nyuma, na hapo, chini kidogo ya mkia, akaliona kovu. Meno ya fisi yalikuwa yamejipanga vizuri kabisa, ya juu na ya chini. Nguchiro akameza mate, akaendelea na kazi. Akatoka hapo akaenda kumpima Kiboko, akakuta kovu mahali palepale. Ndipo aliporudi kwa Nyati.

"Afande," akasema, "Kanali Kiboko anataka nishani kubwa kuliko yako. Anasema kila mmoja apewe nishani ya ukubwa wa kovu lake, na lake ni kubwa kama sahani."

"Sahani?" Nyati akafoka. "Langu ni kama sinia!"

"Basi niandikie, Afande, nimpelekee Gavana. Mimi fundi tu, nikisema kwa mdomo mtupu hataniamini."

Nyati akaandika, akagonga kwato yake mwishoni mwa karatasi iwe saini, ngo! Nguchiro akapeleka habari hizo kwa Kiboko, naye Kiboko akaandika kwamba lake ni kubwa kama mlango. Hakuna kati yao aliyejiuliza kama watu watataka kuliona hilo kovu. Majivuno yalikuwa yamewajaa hadi kooni.

Nguchiro akampelekea Gavana karatasi zote mbili, akamsomea kwa sauti. Kisha akaomba jambo moja dogo: kwa kuwa makamanda wenyewe wanayathamini makovu yao, kila nishani ikae palepale kovu lilipo, ili watoto wajue shujaa wao aliumia wapi. Gavana akaona ni wazo zuri sana. Akatia saini.

Ijumaa uwanja ukajaa. Ngoma zikalia, ndu-ndu-ndu. Nyegere aliletwa na askari wawili, mzigo begani, mkewe na watoto wakimfuata. Gavana akatangaza utaratibu wa nishani, akamwita Jenerali Nyati. Nguchiro akasogea na nishani pana kama sinia.

Gavana, sasa akiwa na miwani mpya, alimtazama Nyati paji la uso, shingo na kifua. Ngozi ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo.

"Kovu liko wapi, Jenerali?"

Nyati akabana mkia. Jasho likamtiririka.

"Geuka, Afande," Nguchiro akasema kwa adabu. "Kovu umelisaini mwenyewe."

Hakugeuka. Basi Gavana akamzunguka taratibu mpaka nyuma. Ngoma zikanyamaza. Akamwendea Kiboko, na Kiboko akaketi chini ghafla, hataki kuinuka. Uwanja mzima ukaelewa. Watu walianza kwa kucheka, kisha kicheko kikageuka hasira, maana watoto ambao fisi wangewala walikuwa wao.

"Fisi humng'ata nani mahali kama hapo?" Gavana akauliza.

"Anayekimbia, Mheshimiwa," Nguchiro akajibu. "Sasa mtazame huyo unayemwita mtoro."

Nyegere akasogezwa mbele. Jicho moja halipo. Pua imepasuka. Kifua chote ni makovu, na mgongoni hakuna hata moja. Gavana akainamisha kichwa kwa aibu, na ilimpasa, kwani saini ilikuwa yake. Akavua nishani yake mwenyewe kwa mkonga ili amvishe.

"Nishani baadaye, Mheshimiwa," Nyegere akasema. "Kwanza futa lile neno. Wanangu wamelisikia."

Gavana akaagiza ripoti iletwe, akalifuta lile neno mbele ya umati wote. Mke wa Nyegere akautua mzigo. Ndipo Nguchiro alipomvisha mjomba wake nishani kifuani.

Na zile nishani mbili kubwa? Kila moja ilifungwa juu ya kovu lake, kama Gavana alivyosaini. Nyati na Kiboko walitoka jimboni siku hiyohiyo, nishani zikigonga matakoni, kwa-kwa-kwa, njia nzima.

Nanyi mkikua mkawa na serikali yenu, aliyekimbia vita msimwachie kalamu ya kuandika nani alipigana.