Dubu Hulala Akiwa Ameshiba

Mjane mmoja, ndugu zangu, alizika mume mwezi wa kumi. Akabaki na watoto wawili, ekari moja ya shamba, na usingizi uliomkimbia kabisa. Mvua zilipoanza alipanda mahindi peke yake. Alijua vizuri kwamba mahindi yale ndiyo yatakayowalisha wanawe mwaka mzima. Hakuwa na mjomba wa kumkimbilia wala akiba ghalani.

Siku ya gulio akamkuta mtu ametandika kadi za wanyama juu ya turubai. Kila binadamu, alisema yule mtu, ana mnyama wa kumwongoza rohoni. Mjane akachomoa kadi moja.

"Huyu ni mbwa?"

"Mbwa wapi, mama! Huyo ni dubu."

"Mbona sijawahi kumwona?"

"Ndiyo maana huna nguvu."

Akamweleza kwamba dubu huishi nchi za baridi kali. Baridi ikija, huingia pangoni akalala miezi, hali, hanywi, wala hahangaiki. Akitoka, kila mnyama humpisha njia. "Na wewe ingia ndani, mama. Usishindane na majonzi. Lala mpaka nguvu zikuite."

Jamani, mtu aliyechoka hivyo ukimwambia alale, atakudai ushahidi?

Sasa, kijijini kwake wanawake hupalilia kwa zamu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, majembe kumi shamba moja. Usipokwenda kwa mwenzako, kwako hawaji. Palizi ilipoanza wakamgongea asubuhi.

"Hodi! Mama, leo tuko kwangu, toka na jembe!"

"Nendeni tu. Nimeambiwa nipumzike."

"Na nani tena?"

"Na dubu."

Walicheka mpaka wakaegemea mipini. "Basi mwambie huyo dubu wako aje akupalilie!"

Siku ya pili wakabisha tena, lakini kwa sauti ya kutimiza wajibu. Siku ya tatu wakapita. Mjane alilala kitandani akisikia nyayo zao na vicheko vyao vikififia kuelekea shamba la mwingine. Binti yake mkubwa akaingia, akamwambia, "Mama, magugu yananifika magotini."

"Bado sijaitwa," akajibu, akageukia ukutani.

Hakuitwa na nguvu yoyote. Siku aliyotoka, alitoka kwa sababu unga uliisha. Alikuta mahindi ya njano, membamba kama vijiti vya ufagio. Mikono yake miwili ikaanza kazi ya mikono ishirini, lakini ilikuwa imechelewa. Alivuna debe mbili. Mwezi wa nane ghala likawa tupu, na mtoto wake mdogo akavimba miguu. Akamfunga mgongoni, akaenda naye zahanati. Jioni wanaume walimleta mtoto amefunikwa shuka. Mama alifuata nyuma, mbeleko imekunjwa kwapani.

Msibani mwanamke mmoja wa zile zamu akakaa naye mkekani. "Pole, dada. Yule dubu alikudanganya."

Mjane akamtazama. "Dubu hajanidanganya. Nimeuliza watu. Dubu hula kwanza mpaka anenepe, ndipo alale. Mimi nililala na njaa." Akawageukia na wale wengine wa zamu. "Lakini ninyi mlikuwa mmeshiba. Mbona mlilala?"

Siku ile ndipo majembe yao yalipofika kwake: wanaume waliyaazima kuchimbia kaburi.

Mlikuwa mnangoja nimseme mwenye kadi, sivyo? Au mnasema yule mama ni mjinga? Mimi sina maneno ya kumsema. Nimechoka mara nyingi, na mwenye kadi angenikuta siku hizo angenipata. Ninaowaogopa ni wale wenzake tisa wa zamu, kwa sababu nawajua. Ni sisi. Tunabisha hodi mara mbili, tunacheka, kisha tunasema, "Zamu ni zamu, mwenyewe hakutaka." Sheria ya zamu haikutukataza kuingia ndani na kumshika mkono. Sisi wenyewe tulijikataza, na huyo mtoto harudi, hata tukilia hapa mpaka jua lizame.

Kesho asubuhi utapita mlangoni kwa mtu ukiwa na jembe lako. Ukisikia kimya, usiseme amepumzika.